Darasa ambalo kiranja hana majina ya kuandika

Wasomaji wangu, samahanini kwa ukimya wa wiki mbili hizi. Kazi zilinibana, na siku nyingine ulikuwa uvivu tu, sitaki kuwadanganya. Leo nawaletea habari ya darasa moja la sita hapa Dar es Salaam, ambalo nimekaa ndani yake asubuhi tatu, magoti yakigonga dawati.

Ilikuwa hivi. Rafiki yangu niliyesoma naye siku hizi anafundisha historia shule ya msingi. Jioni moja akanipigia simu: "Shosti, njoo uangalie darasani kwangu. Mwalimu mkuu anasema nawapotezea watoto muda. Wewe ni mwandishi, niambie ukweli." Nikamwambia ukweli wangu una gharama ya nauli. Akacheka, lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayecheka.

Sisi, mnakumbuka, tulisoma historia kwa kunakili. Mwalimu anajaza ubao, anafuta hujamaliza, unaazima daftari la jirani. Vita vya Majimaji kwangu vilikuwa 1905 mpaka 1907, Kinjekitile, maji, risasi, na sababu sita za kushindwa. Nilizikariri zote nikapata alama nzuri. Ukiniuliza leo nitakutajia mbili, na moja nitakuwa nimebahatisha.

Basi, nikaingia. Wanafunzi 61, na kelele kama soko la Kariakoo. Kiranja wa darasa hana kazi, maana angeandika majina ya wapiga kelele angeliandika darasa zima. Ukutani kuna karatasi za manila zenye majina yote, na mbele ya kila jina kuna kijiti cha kiberiti kinachoonyesha mwanafunzi amefika mada ya ngapi. Mezani kuna maboksi ya viatu yenye kadi. Kila mada ina kadi moja ya lazima, halafu unachagua moja kati ya nne: chora ramani, andika barua ya mkulima aliyelazimishwa kulima pamba, tunga igizo na wenzako, au muulize mzee. Huhami mada mpaka umweleze mwalimu ulichojifunza, daftari likiwa limefungwa. Anayewahi anasonga, anayehitaji wiki mbili anapewa wiki mbili.

Niliporudi nyumbani nikaanza kuchimba. Kumbe jambo lenyewe si geni. Mwalimu wa Kimarekani, Helen Parkhurst, aliandika kitabu mwaka 1922 kuhusu mpango aliouita wa Dalton, kwa jina la mji ulioko Massachusetts. Mtoto alipewa kazi za mwezi mzima kama mkataba, akapanga mwenyewe aanze na ipi. Mwaka 1968 Benjamin Bloom naye akasema wanafunzi wengi wanaweza kulielewa somo vizuri wakipewa muda na msaada unaowatosha. Na hapa kwetu? Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaka shule zijenge akili ya kudadisi. Mwaka mmoja baadaye wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya habari za Majimaji kutoka kwa wazee. Ile kadi ya "muulize mzee" ina ukoo mrefu!

Sasa nije kwa kijana mmoja. Mpole, wa dawati la nyuma. Kijiti chake kilikuwa mada ya pili wakati binti aliyekaa naye alishafika ya tano. Siku mbili sikumwona akiandika kitu. Nikajisemea, huyu ndiye ushahidi wa mwalimu mkuu.

Siku ya tatu akasimama na daftari lake limefungwa. Alikuwa amemuuliza bibi yake, Mmatumbi wa Kilwa. Bibi hakuiona vita, lakini alisimuliwa na bibi yake mwenyewe. Kijana akasema, "Mwalimu, kitabu kinasema walishindwa kwa sababu ya silaha duni. Bibi anasema walishindwa na njaa. Nani kasema kweli?"

Zile kelele zikakatika. Na bibi hakukosea. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula, na wengi waliokufa waliuawa na njaa kuliko risasi. Makadirio ya vifo yanaanzia 75,000 na yapo yanayofika 300,000. Mwalimu hakumjibu. Alimpa kadi nyingine: tafuta jibu, una wiki moja.

Ningeweza kuishia hapo mkapiga makofi. Lakini Ijumaa ukaja mtihani wa kata, wa mada tano. Binti alipata 44 kati ya 50. Kijana alipata 11. Swali la sababu za kushindwa kwa Majimaji alilijibu kwa ukurasa mzima na nusu, sababu moja tu, njaa. Mwongozo wa kusahihishia haukuwa na neno njaa. Sifuri. Rafiki yangu alinionyesha karatasi ile, kalamu nyekundu mkononi. "Shosti, nifanyeje?" Sikuwa na jibu.

Nilimwambia niliyoyaona. Kwa kipindi kimoja anaweza kuwasikiliza watoto kumi au kumi na wawili, wengine wanasubiri tu. Wapo waliochagua kuchora kila mada ili wakwepe kuandika (ameshaweka sheria, huchagui aina moja mara mbili mfululizo). Na mtihani haumsubiri mtu. Nikamshauri kadi za lazima zimalizwe na wote kabla ya mtihani, na uhuru wa muda ubaki kwenye zile za kuchagua. Mwalimu mkuu amemruhusu aendelee, ila siku moja tu kwa wiki.

Ni ushindi? Sijui. Mtoto yule anahitaji kufaulu darasa la saba, na hakuna atakayemuuliza habari za bibi yake. Hilo siwezi kulifanyia mzaha.

Ila mwenzenu nilirudi na kitu kooni. Bibi yangu alikuwa Mngoni wa Songea, mji ambao mwaka 1906 makumi ya wapiganaji walinyongwa na Wajerumani. Alifariki nikiwa kidato cha nne. Nilikuwa na zile sababu sita kichwani, na sikuwahi kumuuliza hata swali moja. Hakuna aliyenipa kadi.

Haya, semeni na nyie. Mlisomaje historia? Na je, wazee wenu mmeshawauliza?