Kisiwa cha Kabego

Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu alituandikia ubaoni jina la Charlemagne, mfalme wa Wafranki aliyevikwa taji mjini Roma mwaka 800. Akatueleza jinsi mfalme yule alivyowaweka wakuu wadogo watawale nchi ndogo ndogo kwa jina lake. Tulikariri yote. Lakini mama mkubwa wangu, mzaliwa wa Idjwi, alikuwa akivuka ziwa na kutuletea mananasi hapa Goma, wala sikumwuliza hata siku moja ni nani waliotawala kwao.

Nilimwuliza nikiwa mtu mzima, siku binti yangu aliporudi nyumbani akilia. Mwenzake alimwambia kuwa watu wa Idjwi ni wageni, kwa sababu kisiwa chao kilikuwa mali ya mfalme wa Rwanda.

“Mali?” akasema mama mkubwa, akamketisha mtoto kando yake.

Akaanza na Mwendanga, mfalme wa ukoo wa Basibula, na mwanawe Kabego aliyemrithi. Ndipo Rwabugiri wa Rwanda alipokuja na majeshi yake juu ya maji. Kabego akauawa, nacho kisiwa kikawa chini ya Rwanda. Tena Nkundiye, mwana wa Kabego, alikuwa upande wa adui! Naye baadaye alikosana na bwana wake huyo mpya.

Mwaka 1895 Rwabugiri akafa, na utawala wake kisiwani ukaisha. Mihigo, wa ukoo ule ule wa Kabego, akashika enzi. Basi utawala ule ulikuwa mfupi kuliko maisha ya mtu mmoja. Mwaka 1910 wakubwa wa Ulaya walikutana Brussels, wakapiga mstari ziwani: Gisenyi kwa Wadachi, Idjwi kwa Wabelgiji. Mwaka 1914 Wadachi wakakiteka kisiwa, na mwaka 1916 Wabelgiji wakakirudia. Nadhani hakuna aliyewauliza wavuvi.

Nilikuwa tayari kumfundisha binti yangu maneno ya kumjibu mwenzake. Yeye hakuyataka. Alimtazama bibi yake, akauliza:

“Bibi, kwa nini Nkundiye alimfanyia baba yake hivyo?”

Mama mkubwa alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaomba kisu, akaanza kumenya nanasi.