Niliwachelewesha Warumi Saa Sita

Nilikosea saa. Si dakika kumi, wala nusu saa kama mtu aliyekwama kwenye foleni akishuka kutoka Kinyinya, hapa Kigali. Nilikosea saa sita nzima, katika kitabu nilichokilipia mwenyewe, na jibu sahihi lilikuwa ndani ya Biblia iliyokaa mezani pangu.

Kitabu ni hadithi ya msichana mtumwa, Mkristo, katika nyumba ya tajiri mjini Roma enzi za Kaisari Nero. Nilijisomea miaka miwili. Mitego niliyoijua niliikwepa kwa maringo. Sikumtupa mtu kwa simba wa Colosseum, kwa sababu ukumbi ule ulifunguliwa mwaka 80 na Nero alikufa mwaka 68. Jikoni sikuweka mahindi, nyanya wala viazi, maana vilitoka Amerika karne nyingi baadaye. Hata maharage yetu haya niliyaondoa nikaweka dengu, na Mnyarwanda kuandika jiko lisilo na maharage si kazi ndogo.

Kisha nikafika kwenye ratiba ya siku. Mshairi Martial aliieleza: saa ya kwanza na ya pili, watu wanaomtegemea tajiri humwendea kumwamkia, ya sita ni ya kupumzika, ya tisa ni ya kula. Nilimsoma kwa Kiingereza. Hapo ndipo nilipoanguka.

Huku kwetu kubadili saa ni kama kupumua. Simu inaandika 9:00, mdomo unasema saa tatu, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda vilevile. Kinyinya palikuwa na mitambo ya redio ya Deutsche Welle hadi mwaka 2015, na mtangazaji alipotaja saa za Afrika Mashariki tuliondoa moja tukapata ya Kigali. Basi nilipoiona saa ya tisa kwa Kiingereza, mkono uliandika saa tatu usiku kabla kichwa hakijaulizwa. Saa ya kwanza ikawa saa saba mchana. Wageni wa alfajiri wakabisha hodi wakati Roma yote imejinyoosha kivulini.

Warumi walihesabu kama sisi: kumi na mbili, tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Hakukuwa na cha kubadili.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alisoma mswada akaniuliza, “Hawa watu wanakula usiku hivi, taa walikuwa nazo?” Nilimpa somo refu kuhusu taa za mafuta ya zeituni. Alinisikiliza kwa adabu. Nilikuwa nimeulizwa swali ambalo lingeniokoa, nami nikaona ni nafasi ya kujionyesha.

Vitabu vilitoka wiki mbili kabla ya Pasaka. Ijumaa Kuu nilikaa benchi la tatu. Msomaji akafika kwenye giza la kusulubiwa kwa Yesu: tangu saa sita mpaka saa tisa. Nimeyasikia maneno hayo kila mwaka tangu utoto. Nikapiga hesabu, kwa kucheza tu, kwa njia ile ya kitabuni. Ikatoka saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Yaani giza la kawaida kabisa, la kila siku, lisilomshangaza hata kuku.

Nilihisi masikio yanawaka. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu kurasa.

Baadaye nilisoma kwa Pliny, mwandishi wa Kirumi, kwamba Warumi wenyewe waliwahi kuleta saa ya jua kutoka Catania, Sicily, mwaka 263 kabla ya Kristo. Ilikuwa imechongwa kwa jua la huko, haikulingana na la Roma, na bado waliifuata miaka 99. Nilifarijika kidogo. Mimi nilikaa wiki mbili tu.

Hasara ni nakala 200, faranga 640,000. Zilikuwa zimeuzwa 41. Niliwapigia walionunua ambao nina namba zao. Wawili walitaka fedha zao, nikawarudishia. Nyingine ziko chini ya kitanda. Nilijaribu kusahihisha kwa kalamu, lakini ugonjwa haukuwa kwenye tarakimu peke yake. Msichana wangu hutoroka kwenda kusali na wenzake wakati wageni wanakula, akifichwa na giza. Saa tisa alasiri giza litoke wapi?

Mwishowe nimeihamishia hadithi Desemba. Mwezi huo mchana wa Roma hufupika kiasi kwamba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na saa moja yao ilikuwa kama dakika 45 zetu, wakati Juni ilifika 75. Karamu ikirefuka kidogo, giza linaikuta mezani. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta, ambao mchana wetu karibu haubadiliki, jambo hilo halitujii lenyewe.

Sura ya nne imesimama vizuri sasa. Jana usiku niligundua kwamba hata Desemba msichana bado anatembea peku.