Ufunguo wa Pango

Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, nitakwenda kuliona pango lililofichika jangwani. Nimo mjini Reno, katika jimbo la Nevada nchini Marekani, kwa shughuli za kitaaluma za mwezi mmoja, na siku hiyo sina kazi. Safari nimekwisha kuipanga: kilomita zipatazo 100 hadi mji wa Fallon kwa gari la mwenzangu, kisha kwa miguu kilimani. Tutachukua maji ya kututosha kutwa, kofia pana, viatu vigumu, mikate na matunda. Jangwa hili si la mchanga kama lile tunaloliona pichani. Ni nchi ya mawe meusi, vichaka vya kijivu na tambarare nyeupe za chumvi. Zamani za barafu palikuwapo hapa ziwa kubwa ambalo wanasayansi huliita Lahontan. Mawimbi yake ndiyo yaliyochimba mapango katika vilima hivi vikavu.

Pango lenyewe huitwa Hidden Cave, na kweli lilijificha: liligunduliwa na vijana wa shule katika miaka ya 1920. Watu wa kale hawakulifanya makao, kwa kuwa ndani ni giza na vumbi tupu. Walilifanya ghala. Yapata miaka 3,500 iliyopita waliweka humo zana zao, ili warejeapo msimu mwingine wazikute. Wazo hilo lilinivutia. Mtu anayeiacha mali yake gizani bila mlinzi ana imani kubwa na jirani zake.

Hapo ndipo mpango wangu ulipojikwaa. Pango lina lango la chuma lenye kufuli, na hakuna anayeingia ila kwa kuongozwa, siku chache zilizopangwa kila mwezi. Kusema kweli nilikereka. Mimi ni mhadhiri. Nimezoea barua ya chuo kunifungulia milango. Nikaulizia pango la jirani, Spirit Cave. Nikajibiwa kwa upole kwamba hilo halioneshwi wageni. Ndipo nikaketi kusoma habari zake.

Mwaka 1940 wanaakiolojia wawili, Sydney Wheeler na mkewe Georgia, walikuta humo mwili wa mtu uliokauka, umeviringishwa kwa mikeka. Walidhani ulikuwa na umri wa miaka 2,000 hivi. Katika miaka ya 1990 vipimo vilionesha kwamba umri wake umepita miaka 10,000. Wenyeji wa eneo hilo, kabila la Paiute-Shoshone wa Fallon, wakamdai mzee wao kwa sheria ya mwaka 1990 inayohusu mabaki ya wenyeji wa asili. Baadhi ya wataalamu walikuwa wamepima fuvu na kusema kwamba halifanani na ya wenyeji wa leo. Mwaka 2000 idara ya serikali iliyohusika ikawakatalia. Kabila likaenda mahakamani, na mwaka 2006 uamuzi ule ukaonekana hauna msingi. Hatimaye vinasaba vikathibitisha kile walichokisema siku zote: marehemu alikuwa wa jamii ya wenyeji wa asili wa Amerika. Alirudishwa mwaka 2016, akazikwa mwaka 2018. Kutoka kufukuliwa hadi kurejeshwa ilipita miaka 76.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kufafanuliwa habari hii. Mkwawa alifariki mwaka 1898, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza kirudishwe. Kilifika Kalenga mwaka 1954. Nacho pia kilichaguliwa kwa kupimwa, miongoni mwa mafuvu yaliyokuwa katika makumbusho ya Bremen. Kipimo kilekile cha fuvu, huku kilitumika kurudisha na kule kilitumika kunyima. Basi tatizo si kipimo. Tatizo ni kwamba mara zote mbili aliyeshika kipimo hakuwa mwenye marehemu.

Ningeweza kuishia hapo, nikiwa nimewahukumu Wajerumani na Wamarekani kwa pamoja, nanyi mngeitikia. Lakini ninalo la kukiri. Nilipokuwa mwanafunzi tulipelekwa Kolo, Kondoa, kuitazama michoro ya miambani. Mwongozaji wetu alitueleza kwamba wazee bado hufika Mongomi kufanya matambiko. Tulitikisa vichwa kwa heshima. Alipogeuka, niliokota kipande cha jiwe kilichochongwa na mtu wa kale, nikakitia mfukoni. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu mwaka 1964, nami niliifahamu. Kwa miaka mingi jiwe hilo limekaa katika droo ya ofisi yangu, na kila mwaka nimewaonesha wanafunzi kwa fahari, nikilitaja kuwa ushahidi wa urithi wetu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nililipataje, kwa sababu sikuwahi kuwafundisha kuuliza.

Wapo kati yenu mtakaokuja kushika funguo: za makumbusho, za masjala, za ofisi za wilaya. Kufuli si adui wa elimu. Lakini kabla hamjamfungulia mtafiti mwenye barua nzuri, ulizeni ni nani aliyeombwa ruhusa. Na kabla hamjamfungia mwenyeji asiye na barua, ulizeni swali hilohilo.

Jumamosi, basi, tutaondoka alfajiri. Tutamngoja mwongozaji, tutamfuata, na Spirit Cave tutaliacha na kimya chake. Mkoba wangu utarudi na maganda ya matunda na chupa tupu. Nikifika nyumbani ninayo safari nyingine ya kupanga, ya kwenda Kolo, na jiwe lile ndani ya leso. Njia ninaijua. Nitakalowaambia wale wazee nikifika, bado ninalitafuta.