Fimbo Yenye Ncha Mbili



Ukitoka Uvira kuelekea Bukavu kwa barabara ya taifa namba 5, unaliacha ziwa nyuma na kuingia katika Bonde la Ruzizi. Kushoto ni milima mirefu, kuume ni mto, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Unapita Kavimvira, unapita njia ya kwenda Kiliba kwenye miwa, unapita Runingu, halafu unafika Sange. Jua ni kali, vumbi ni jingi, na malori hayaishi.

Sange ilijulikana duniani kwa msiba. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 gari la mafuta lilipinduka pale, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka. Watu zaidi ya 230 walikufa. Vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walisaidia kubeba maiti mpaka makaburini. Wengi wakisikia Sange wanakumbuka moto tu. Mimi nimeona kule watu wanaojua kubebana.

Nilikwenda kuhubiri huko kabla ya vita vya Desemba 2025. Siku moja asubuhi, saa ya masomo, nilimwona mzee asiyeona anatembea pembeni ya barabara. Alishika ncha moja ya fimbo. Ncha nyingine ilishikwa na mjukuu wake, mtoto wa miaka kama 9. Nikampa mzee franga kidogo. Akashukuru, kisha akaniuliza:

"Pasta, hizi franga ni zangu ao ni za huyu mtoto?"

"Ni zako, Mzee."

"Sasa yeye atapata nini? Mimi nilipoteza macho. Yeye anapoteza masomo."

Nilikosa jibu. Miaka mingi nimeombea wasioona na kuwapa sadaka, lakini sikuwahi kuutazama upande wa pili wa fimbo.

Jioni nilileta neno hili mbele ya wazee wa kanisa. Wamama ndio waliopata njia. Walipanga zamu: kila siku ya masomo kijana mmoja wa kwaya atashika fimbo, mtoto aende shule. Wakafunga kamba toka mlangoni hadi chooni, ili mzee aende peke yake bila kuita mtu. Wakafukia mashimo ya njia yake.

Haikuwa rahisi. Wiki ya tatu kijana mmoja hakuja, na siku ile mtoto alikosa shule. Basi wakaweka watu wawili kwa kila zamu, mmoja akishindwa mwingine anakwenda.

Kisha mama mmoja akasema: "Tunamwongoza kila siku, lakini hatujamuuliza yeye anaweza kazi gani." Kumbe mzee alijua kusuka kamba za mbuzi tangu ujana wake! Wakamletea nyuzi, akasuka, wakamuuzia sokoni. Jumapili moja akasimama kwenda kutoa sadaka yake mwenyewe, na kanisa zima likanyamaza.

Vita vilipofika Sange mwezi wa Desemba 2025, watu wengi walikimbia, wengine wakavuka mpaka Burundi. Niliuliza habari za mzee. Wakaniambia kwamba kijana wa zamu alikuja mwenyewe, bila kuitwa, akashika fimbo. Mtoto alitembea mbele na mama yake, amebeba madaftari.

Ninyi wa Kamituga, Lugushwa na Misisi, habari hii ni yenu pia. Mnapopasua na kutwanga mawe, kipande kidogo kinaweza kuharibu jicho. Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809, alijichoma jicho akiwa na miaka 3 kwa chuma cha kutobolea ngozi, pale baba yake alipofanyia kazi. Ugonjwa ukaingia jicho la pili, akawa kipofu kabisa. Lakini walimpeleka shule, na mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa ametunga maandishi ya nukta 6 yanayosomwa kwa vidole mpaka leo. Huko Thika, Kenya, Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona mwaka 1946. Nchi yetu nayo ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini sheria haitakuja kushika fimbo saa moja asubuhi. Ni jirani atakayekuja.

Kwa hiyo, wazazi, vaeni miwani ya kukinga macho kazini. Mtu akianza kuona ukungu, mpelekeni hospitali mapema, kwa maana mtoto wa jicho hupasuliwa na mtu akaona tena. Na ninyi vijana, pangeni zamu.

Mkumbuke Bartimayo, katika Marko sura ya 10. Watu walimnyamazisha kwanza. Yesu alijua kwamba haoni, lakini alimuuliza anataka afanyiwe nini. Sisi tunatoa franga bila kuuliza, tunapita.

Ukikutana na ndugu asiyeona, msalimu, muulize anaweza nini na anahitaji nini. Kisha tazama ni nani anayeshika ncha nyingine ya fimbo, na saa ile angepaswa kuwa wapi.