Mchezo wa Kutoroka Kifungoni

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya, na katika Vita vya Pili vya Dunia alishika lindo katika kambi moja ya mateka wa Kiitaliani, katika nyanda za juu za Kenya. Hakutuachia nishani wala picha ya vita vile. Alituachia kumbukumbu ya tabia moja: kila jioni alihesabu mbuzi wake mara mbili, na hesabu ya pili ilipotofautiana na ya kwanza, hata kwa kuteleza kwa ulimi tu, uso wake uligeuka. Sisi watoto tulicheka. Siku moja nilimwuliza kwa nini mbuzi kumi na wanne walimtia hofu kiasi kile, naye akanijibu kuwa mtu ambaye hajapata kuhesabu watu hawezi kujua hesabu pungufu ni kitu gani. Hakuongeza neno.

Naeleza haya mwanzoni ili msomaji ajue nilikuwa nikitafuta nini nilipojinunulia mchezo wa kompyuta uliohusu kutoroka katika kambi ya mateka wa vita. Mtu wa makamo kukesha mbele ya mchezo wa vijana ni jambo la kuonewa haya kidogo, na nyumbani kwangu hawakukosa kunikumbusha. Lakini kasha la mchezo liliahidi kambi ya Wajerumani, seng'enge, taa za kurunzi, mbwa wakali, na uhuru kwa mwenye akili. Nikadhani kuwa hatimaye nitaingia mahali ambapo babu alikuwa amesimama, ingawa kwa upande wa pili wa waya. Jina la mchezo na la waliouunda nitayaacha, maana ugomvi wangu ni juu ya wazo lao.

Nilicheza majuma mawili. Mimi nilikuwa rubani aliyetunguliwa. Asubuhi tulipangwa mstari tukahesabiwa, kisha nikaachwa nizurure. Kila mlinzi alitembea hatua zile zile, akageuka mahali pale pale, akarudi. Mbele ya macho yake ilichorwa pembe ya mwanga. Aliye ndani yake alionekana, na aliye nje yake, hata akiwa karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono, hakuonekana. Kwa hivyo kutoroka kulikuwa ni kuhesabu hatua: ngoja, pita, inama, chukua koleo, rudi. Nilipokamatwa, kioo kilitiwa giza, kisha ikawa asubuhi nami nipo kitandani. Yamkini nilipigwa risasi mara thelathini, na mara thelathini niliamka mzima kama jana. Mateka wenzangu walikuwa na maneno matatu au manne kila mmoja, na hapana hata mmoja aliyekumbuka kuwa usiku uliopita nilimwibia viatu.

Lakini kosa lililonivunja moyo lilikuwa jingine. Palikuwa na kitufe cha kurukisha saa. Mchezaji akichoka kungoja jioni alikibonyeza, jua likashuka mbio, na gwaride la kuhesabiwa likaitwa. Walioutunga mchezo walichelea tusije tukachoka, na kwa kuchelea huko wakaitupa nje ya kambi ile siku yenyewe, pamoja na njaa yake, barua isiyofika, na mzaha ule ule wa jirani unaosikiwa kwa mara ya mia. Waliacha ukuta tu. Nao ukuta, mtu akiwa na koleo na usiku wa giza, ni kitu kidogo.

Tukio la kweli ambalo michezo ya namna hii huligeza linajulikana sana. Katika kambi ya Stalag Luft III, karibu na mji wa Sagan, ambao sasa ni Żagań katika nchi ya Poland, marubani wa Uingereza na wa nchi zilizoshirikiana nayo walichimba njia za chini kwa chini tatu, wakazipa majina ya Tom, Dick na Harry. Harry ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100, na kina chake kilikuwa karibu mita 9. Kazi ilianza mwaka wa 1943 ikachukua takriban mwaka mzima. Mchanga wa chini ulikuwa wa rangi ya manjano ilhali wa juu ulikuwa wa kijivu, hata ikawapasa kuuchukua kidogo kidogo ndani ya vifuko vilivyofichwa katika suruali, na kuuchanganya na udongo wa bustani kwa kuukanyaga. Mbao za vitanda zilikwenda kuzuia kuta zisiporomoke. Makopo ya maziwa yaliunganishwa yakawa bomba la hewa. Wengi wa waliochimba walijua kuwa hawatapata nafasi ya kupita katika tundu walilolichimba.

Usiku wa tarehe 24 Machi 1944 ilidhihirika kuwa mlango wa Harry ulitokeza kabla ya kufika msituni. Watu 76 walitoka. Watatu walifika salama, Wanorwe wawili na Mholanzi mmoja. Waliobaki 73 walikamatwa, na 50 miongoni mwao waliuawa kwa amri ya Hitler, akiwamo Roger Bushell aliyekuwa kiongozi wao. Filamu ya John Sturges ya mwaka wa 1963 ililieneza tukio hili duniani, ikalitia na pikipiki ya Steve McQueen ambayo katika tukio lenyewe haikuwapo. Siilaumu filamu, kwa sababu wale 50 inawaua. Hutoki ndani yake ukidhani kuwa kutoroka ni bure.

Mtu asidhani kuwa nasema kompyuta haiwezi kuuchukua mzigo huu. Rafiki yangu mmoja, aliponisikia nikinung'unika, alinionyesha mchezo wa mwaka wa 1986 uitwao The Great Escape, kazi ya Denton Designs, uliotengenezewa kompyuta ndogo za wakati ule. Picha zake ni duni, na mtu wake ni kama kijiti. Lakini ukiondoa mkono wako katika vitufe, yule mfungwa haendelei kukungoja: anarudi mwenyewe katika ratiba ya kambi, anakwenda kula, anakwenda kuhesabiwa, anakwenda kulala. Kando ya picha ipo bendera, nayo ni kipimo cha moyo wake. Akishindwa, inashuka, ikifika chini kabisa, vitufe vyako havimtii tena, naye huendelea kutembea na kambi siku nenda siku rudi, wewe ukitazama. Nilipoliona jambo hilo mwili ulinisisimka. Miaka mingi kabla ya mchezo wangu wenye kila pambo, watu hao walikuwa wamekwisha fahamu kifungo hufungwa kwa kitu gani.

Rafiki huyo ndiye aliyeniazima kitabu cha Felice Benuzzi, Mwitaliani aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Uhabeshi, akatekwa baada ya Addis Ababa kuanguka mwaka wa 1941, akaletwa katika kambi ya Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Kitabu kilitoka kwa Kiitaliani mwaka wa 1947. Benuzzi hakuwa na mahali pa kukimbilia. Nchi zisizokuwa katika vita zilikuwa mbali mno. Kilichomwua kilikuwa ni siku zilizofanana. Mawingu yalipofunguka akauona mlima, akaamua kutoroka ili aupande, kisha arudi kifungoni. Kwa miezi mingi yeye na wenzake waliweka akiba ya chakula, wakafua vyuma vya kufunga viatuni wasiteleze kwenye barafu, wakageuza nyundo kuwa mashoka ya barafu. Kwa ramani walikuwa na picha ya mlima iliyobandikwa juu ya kopo la nyama. Januari 1943 walitoka watatu, Benuzzi, daktari Giovanni Balletto, na Vincenzo Barsotti. Kilele cha Batian kiliwashinda. Walifika Lenana wakasimika bendera yao, kisha wakateremka wakiwa taabani kwa njaa, wakarudi kambini baada ya siku 18. Walihukumiwa kufungwa peke yao siku 28, wakatumikia 7 tu, kwa kuwa mkuu wa kambi alikistahi kitendo chao cha kimichezo.

Nilikipenda kitabu hiki kuliko nilivyotazamia. Hata hivyo, nilipofika mwisho nilirudi nyuma kuzitafuta zile siku 18. Kwa muda huo hesabu ya kambi ilipungua watu watatu, na walikuwapo waliotakiwa kuijibu. Hata kule Sagan, von Lindeiner, mkuu wa kambi, aliondolewa akashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Babu alikuwa mtu mdogo sana kuliko yeye. Mama yangu aliwahi kunisimulia kuwa jioni moja, katika kambi ile ya babu, alikosekana mateka mmoja. Walihesabu hata mwezi ukachomoza. Mwishowe alionekana jikoni, amelala nyuma ya kuni, hana habari ya lolote. Akamka akawaona askari wamemzunguka, akampa babu sigara. Babu hakuwa mvutaji, lakini aliipokea, na mikono yake ilitetemeka hata hakuweza kuiwasha. Wakacheka wote wawili, asema mama, kwa kuwa hawakuwa na lugha moja ya kufanyia jingine.

Usiku wa mwisho wa kuucheza mchezo wangu sikutoroka. Nilimsimamisha rubani wangu kando ya jiko, nje ya pembe ya mwanga, na sikukigusa kitufe cha kurukisha saa. Nilimtazama mlinzi. Alikwenda hatua sita, akageuka, akarudi. Ilipoitwa hesabu ya jioni sikwenda mstarini, nikangoja nione atafanya nini atakapokosa mtu mmoja. Kengele ikalia, taa zikawaka pande zote, na yeye akakimbia mpaka kwenye alama aliyowekewa, akasimama pale. Uso wake ulikuwa ule ule. Baada ya dakika chache kengele ikakoma, naye akarudia zile hatua sita.