Edinburgh, Mji Ambao Alasiri Yake Ni Fupi



Hapa Mombasa jua ni jirani asiyebadili mwenendo. Mwaka mzima hutuaga mnamo saa 12 za jioni na dakika zake, na mama wa nyumba ajua bila ya kutazama saa ni wakati gani wa kuteleka chai na wakati gani wa kuwaita watoto waingie ndani. Mwishoni mwa Novemba tulikuwa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, na huko tuliliona jua likituacha kabla ya saa 10 za alasiri. Maduka yalikuwa wazi, watoto ndio kwanza watoka shuleni, na usiku umekwisha kuingia. Tulisimama kando ya njia tukahisi kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi.

Safari yetu haikuwa ya matembezi. Tulikwenda kwa binti yetu, ambaye tangu Septemba yuko huko akisomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Na tukisema kweli, kwani anayewausia wenzake haifai awafiche, tulikwenda kumchunguza. Mama yake, aliyebaki nyumbani na wadogo zake, alitufungia visheti na achari ya maembe, kisha akatuambia mlangoni: "Bwana, nenda ukamwone mwanao, usiende kumkagua." Maneno yake tuliyasikia, lakini hatukuyatii.

Habari hii ina mwanzo wake. Mwaka mmoja kabla ya hapo binti yetu alipata nafasi katika chuo hicho hicho, nasi tukamkatalia. Hoja yetu ilikuwa ya kisheria: Mtume (s.a.w.) amemkataza mwanamke kusafiri bila ya maharimu wake. Hakubishana nasi. Aliikunja barua yake, akairudisha ndani ya bahasha, akaenda jikoni kuandaa chakula cha usiku. Nafasi ile ikapita.

Mwaka uliofuata alipoipata tena, mara hii pamoja na ufadhili, mama yake ndiye aliyesema: "Umemsomesha wewe mwenyewe tangu alifu kwa kijiti. Ikiwa yeye humwamini, basi na masomo yako huyaamini."

Tulirudi vitabuni. Wanavyuoni wamehitilafiana. Madhehebu yetu ya Shafi yaruhusu mwanamke kwenda hija ya faradhi akiwa pamoja na wanawake waaminifu. Ama safari isiyokuwa ya faradhi, wengi wao ni wakali zaidi. Baadhi ya wanavyuoni wa zama zetu wametazama usalama wa njia, na wameitaja hadithi ya Adiyy bin Hatim, ambamo Mtume (s.a.w.) alibashiri kuwa itafika siku mwanamke atatoka Hira hadi kwenye Al-Kaaba bila ya kumwogopa yeyote ila Allah. Hatuandiki fatwa hapa. Kila familia na imwulize mwanachuoni inayemwamini. Sisi tuliafikiana hivi: mjomba wake amfikishe hadi mlangoni, akae nyumba moja na wasichana wa Kiislamu, na kabla ya mwaka kwisha mzazi mmoja amzuru. Na wenye mabinti walioolewa wajue jambo jingine. Tangu Januari 2024 sheria za Uingereza hazimruhusu mwanafunzi wa uzamili kufuatana na mume wala watoto kama wategemezi wake, isipokuwa awe katika masomo ya utafiti au awe amefadhiliwa na serikali. Jambo hili huvunja mipango ya wengi dakika za mwisho.

Edinburgh ni mji wa mawe. Ngome yake imekaa juu ya jabali katikati ya mji, na nyumba za kale zimeteremka kutoka hapo zikiwa zimebanana kama nyumba zetu za Mji wa Kale, ila za huko ni nyeusi kwa moshi wa karne zilizopita. Chuo Kikuu kilianza kufundisha mwaka 1583, miaka 10 kabla ya Wareno kuanza kujenga Fort Jesus hapa kwetu. Hapo ndipo aliposoma Mwalimu Julius Nyerere kuanzia 1949 hadi 1952, akatoka na shahada ya MA. Msomaji asichanganyikiwe: katika vyuo vikongwe vya Uskoti, MA mara nyingi ni shahada ya kwanza, na anayetafuta uzamili hana budi kutazama vizuri jina la kozi kabla ya kuomba.

Jambo moja la mji ule lilitushughulisha. Mwaka 1869 wanawake walikubaliwa kusomea utabibu hapo, na wale wa mwanzo wamejulikana kwa idadi yao, saba. Mwaka uliofuata walipokwenda kufanya mtihani walizuiwa mlangoni na umati uliowatupia matope, na mwishowe wakanyimwa shahada zao. Chuo kiliwatunuku shahada za heshima mwaka 2019, wote wakiwa wamekwisha kufa zamani. Tulipoelezwa hayo tuliikumbuka ile barua iliyokunjwa, tukanyamaza.

Katika bustani ya Princes Street imesimama sanamu ya David Livingstone. Watu wa huko humtazama yeye. Sisi tuliwakumbuka Susi na Chuma, ambao alipofariki mwaka 1873 katika nchi iitwayo leo Zambia waliubeba mwili wake pamoja na wenzao kwa miezi hadi Bagamoyo, wakaukabidhi. Hapakuwa na askari wa kuwalinda wala hakimu wa kuwauliza. Ile ilikuwa amana, nao wakaifikisha.

Ama masomo yenyewe, tuliyapata kwa kumwuliza binti yetu jioni baada ya jioni. Kozi ni ya miezi 12: mihula miwili ya darasani, kisha tasnifu wakati wa kiangazi. Insha yake ya kwanza ilipata alama 58 naye akalia, kwani alizoea alama za 80. Hakujua kwamba huko 70 ni daraja ya juu kabisa, na kwamba 50 ni kufaulu. Pembeni mwalimu alikuwa amemwandikia kwamba amekusanya vizuri maneno ya wengine, lakini yeye mwenyewe hakusema kitu.

Hapo tulijikuta tuko nyumbani. Sisi tuliosoma chuoni twajua daraja hizi. Mwanafunzi huanza kwa kuhifadhi matini, akapanda kwenye sharhi, na mwisho ndipo hutakiwa kuzipima kauli za wanavyuoni na kusema ipi yenye nguvu na kwa dalili gani. Tulimwambia: "Mwanangu, wewe wawapa sharhi, na wao wataka tarjihi." Alicheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. Vivyo hivyo katika kutaja vyanzo. Huko, atakayechukua maneno ya mtu bila ya kumtaja huhesabiwa mwizi, na aweza kufukuzwa. Kwetu sisi hilo si geni, ni isnadi. Mtoto aliyefunzwa kuuliza "umeipokea kwa nani?" amekwisha kuandaliwa nusu ya safari.

Gharama nazo zasemwe wazi. Mwanafunzi wa kigeni hulipa karo kubwa kuliko mwenyeji. Juu yake kuna ada ya viza, ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, kipimo cha kifua kikuu, na kwa asiyefadhiliwa, ushahidi wa benki kwamba fedha za kujikimu zimekaa siku 28 mfululizo. Aruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na mshahara huo hautoshi kulipa karo. Hapo ndipo mikopo ya riba inapobisha hodi, nasi twawausia wazazi wasiifungue milango. Ni bora kungoja mwaka na kuomba ufadhili kama ule wa Chevening, unaotaka miaka miwili ya uzoefu wa kazi na kurejea nchini kwa miaka miwili baada ya masomo, au ule wa Jumuiya ya Madola. Na mjihadhari na mawakala. Sisi tulimpa mmoja shilingi 40,000 kwa kuwa alidai ana njia yake ya kupata barua ya chuo; hatukuiona barua wala fedha. Barua ile huombwa na mwanafunzi mwenyewe, kwenye tovuti ya chuo.

Sasa turudi kwenye ukaguzi wetu. Usiku wa kwanza tuliomba kuiona ratiba yake, tukailinganisha na nyakati za swala. Katikati ya Desemba jua la huko huchomoza saa 2 na dakika 40 za asubuhi na kutua saa 9 na dakika 40 za alasiri. Mwezi Juni hutua saa 4 za usiku, na giza lenyewe halikamiliki. Katika siku zile zetu, Alasiri iliingia kabla ya saa 8 na kutoka kabla ya saa 10. Na kila Alhamisi binti yetu alikuwa na darasa la saa 7 hadi saa 10. Swala nzima imo tumboni mwa darasa! Hatukusema kitu. Tuliliweka swali lile mfukoni, kama kadhi aliyekwisha kupata ushahidi.

Alhamisi ilipofika tuliagana tukutane saa 10. Upepo wa mji ule hauna huruma kwa mtu wa pwani, hivyo tulifika mapema, tukakaa kwenye benchi ukumbini, nyuma ya nguzo. Saa 8 na dakika 10 mlango wa darasa ulifunguliwa. Wanafunzi walitoka kutafuta kahawa. Binti yetu alitoka na msala mdogo kwapani, na nyuma yake wasichana wawili, mmoja wa Indonesia na mwingine wa Nigeria kama tulivyojua baadaye. Waliingia chumba kitupu mwisho wa ukumbi. Baada ya dakika chache wakatoka, wakarudi darasani. Hakutuona, nasi hatukumwita. Tulibaki pale tukiitazama mikono yetu.

Jioni alitupeleka Msikiti Mkuu, uliofunguliwa mwaka 1998, hatua chache kutoka chuoni. Wanawake wana sehemu yao, na kando ya msikiti kuna jiko liuzalo wali na mchuzi, ambako hula Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Tukiwa mezani tulimwuliza habari ya Alhamisi. Alisema kuwa wiki ya kwanza ya muhula alimwendea mwalimu, akamwomba kuanzia Novemba mapumziko yawekwe baada ya saa 8. Mwalimu aliuliza sababu. "Nikamchorea jua kwenye karatasi, Baba," alisema. "Akafahamu."

Kwetu mtoto ndiye aombaye radhi kwa mzazi. Usiku ule, mbele ya sahani za wali, sisi ndio tuliomwomba yeye radhi kwa mwaka tuliompotezea. Aliinamisha kichwa, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema: "Kula, Baba, wali wapoa."

Wazazi wenzetu, hatusemi kila binti aende, wala hatusemi kila mlango wa ng'ambo ni wa kheri. Wapo waliokwenda wakapotea, wa kiume na wa kike, na wa kiume hatukuwahi kuwauliza maswali mengi hivi. Tunalosema ni kwamba siku ya viza si siku ya kuanza kumlea mtoto. Aliyefunzwa swala kwa fimbo ataiacha mahali pasipokuwa na fimbo. Aliyefunzwa akaipenda ataitafutia chumba kitupu.

Tulirudi Mombasa siku ya Jumatatu. Jua lilitua saa yake ile ile, adhana ikapanda, na mama yao akatuuliza tumemwonaje. Tulimwambia: "Amana iko salama. Na aliyekaguliwa ni sisi."

Twamwomba Allah awahifadhi watoto wetu walioko karibu na walioko mbali, awape elimu yenye manufaa, na awarudishe kwetu wakiwa na dini yao. Amin.