Maliza Basi, Nina Watu

Futari haingoji mtu. Mamangu huuza mkate wa sinia, sambusa na kaimati kutoka jikoni mwetu Kibokoni, na Ramadhani ile nikamtengenezea programu: wateja wanaagiza, wanalipa kwa simu, yeye anaona kwenye tableti nani amelipa. Kila sekunde 10 programu iliiuliza seva ya malipo kama kuna jipya.

Niliiwasha saa tisa mchana. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, ikanyamaza. Mlangoni watu wananyoosha simu kuonyesha meseji za malipo, mamangu haoni kitu.

"Si uliniambia hii haichoki?"

Akachukua daftari. Kila aliyesema kalipa, alimpa. Wengine hawakuwa wamelipa, na hasara ile ilikuwa yake, si yangu.

Kosa lenyewe ni aibu. Kila swali hufungua muunganisho, na kompyuta huuhesabu kama faili iliyo wazi. Jibu likija, mimi nasoma mwanzo wake tu, naenda zangu bila kulifunga. Kwa hiyo muunganisho ule unabaki umeshikwa, na swali jingine linafungua mpya. Seva yangu ilikuwa na kikomo cha 1024. Maswali sita kwa dakika, saa tatu hazifiki. (Majaribio yangu? Dakika ishirini.)

Baada ya tarawehe nikaketi barazani, kwa muuza kahawa. Jamaa mmoja alikuwa amekishika kikombe, kahawa nusu, mdomo uko kwenye mpira. Mzee kasimama na dele lake: "Maliza basi, nina watu."

Nikarudi nyumbani mbio.

Kufunga peke yake hakukutosha. Nilikuwa naandika kwa Go, na ukifunga jibu kabla ya kulisoma lote, muunganisho wa kawaida wa HTTP/1.1 mara nyingi hutupwa. Unaofuata unaanza salamu upya: TCP safari moja ya kwenda na kurudi, TLS 1.3 nyingine, ndipo uulize. Nyaya za baharini zilifika Mombasa 2009 na intaneti ikawa nyepesi, lakini Ulaya bado ni mbali. Nikasoma jibu mpaka mwisho, nikafunga. Muunganisho mmoja ukatosha usiku kucha.

Kesho yake mamangu akaniambia, "Haya, iwashe." Daftari lilikuwa pembeni, kalamu juu yake.